Kupokelewa si kuhesabiwa: shajara ya kuhamisha krediti za chuo kikuu, Unguja na Pemba

Shajara hii imewekwa ili anayetaka kuhama chuo, au mzazi anayemsaidia mtoto wake kuhama, aone kazi ilivyokwenda na aige pale panapomfaa. Majalada matatu yamefanyiwa kazi kwa pamoja. La kwanza ni la shahada ya biashara: mwaka mmoja umesomwa chuo cha bara, safari ni kuja chuo cha Unguja. La pili ni la sayansi na ualimu kutoka Uganda. La tatu ni la ualimu wa Kiarabu kutoka Sudan, ambako masomo yalikatika vita vilipozuka Aprili 2023. Vyuo vilivyotoa na vilivyopokea havikutajwa, wala wenye majalada. Hatua za kawaida zimepitiwa mbio. Pale tulipokosea tumeandika kwa urefu, kwa sababu ndipo muda na pesa zilipopotea.

22 Januari 2024: Krediti ni saa ngapi, na nani anaihesabu

Katika mfumo wa Tanzania unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo ni zote kwa jumla: mihadhara, semina, maabara, kazi za kuandika, kusoma mwenyewe na mtihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360.

Kuna wanaodhani kuwa chuo kilichopo Zanzibar kina utaratibu wake mbali, kwa kuwa skuli zetu zina wizara yake. Sivyo. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Zanzibar University na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait zote ziko chini ya TCU, sawa na vyuo vya bara. Kwa hivyo krediti ya Tunguu, Unguja, na krediti ya Dar es Salaam zina uzito mmoja wa saa. Kinachotofautiana ni kilichomo ndani ya kozi.

Kosa la kwanza lilifanyika hapa. Barua ya jalada la kwanza ilipelekwa TCU moja kwa moja, ikakaa wiki tatu, kisha likaja jibu la kurudi chuo kinachopokea. Njia sahihi ni kuanzia kwa mkuu wa idara ya chuo unachokwenda. Yeye na walimu wake ndio wanaosoma kozi moja baada ya nyengine na kusema hii inalingana, hii hailingani. Pendekezo lao linapanda bodi ya skuli au kitivo, kisha seneti, na chuo ndicho kinachopeleka jina TCU. Tume haikai kusoma muhtasari wa kozi yako ya uhasibu.

Pia tulichanganya uhamisho wa aina mbili. Mwanafunzi aliyedahiliwa juzi tu, hajafanya mtihani hata mmoja, huhama ndani ya kidirisha kifupi kinachofunguliwa baada ya udahili. Huyo hana krediti za kubeba. Anayeendelea na masomo ndiye anayehitaji jalada kama haya, na fomu zake ni nyengine. Ukijaza fomu ya yule wa kwanza utajibiwa kuwa dirisha limefungwa, nawe hukulihitaji.

6 Februari: Sifa za kuingia kwanza

Krediti haziwezi kufunika pengo la sifa za kuingia. Chuo kinachopokea hukuangalia kama kwamba unaomba mwaka wa kwanza: kwa aliyemaliza kidato cha sita, ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu yake kuna masharti ya programu yenyewe. Kwa mwenye diploma ni wastani wa 3.0.

Jalada la kwanza limepita kwa dakika kumi. La pili limepita, ila hesabu ilibidi irudiwe kwa sababu tulianza na kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka wa nyuma. TCU hutoa vitabu hivyo kila mwaka, kimoja cha waliomaliza kidato cha sita na chengine cha wenye diploma, na masharti ya programu hubadilika. Chukua cha mwaka unaoombea.

La tatu limekwama. Cheti cha sekondari ni cha nje, kwa Kiarabu, na hakikuwa na barua ya ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani (NECTA). Bila barua hiyo hakuna ofisi ya udahili itakayofungua ukurasa wa pili, hata kama mtu amesoma miaka mitatu ya chuo. Maombi yameanzishwa leo. Lingepaswa kuwa jambo la kwanza kabisa, kabla ya kuchapisha karatasi yoyote.

Neno kwa waliokwenda nje kwa njia ya mwaka wa maandalizi bila kufikisha pointi za hapa: jalada lenu huenda likagonga ukuta papo hapo. Njia inayotambulika ya kuziba pengo ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo lazima uimalize kwa wastani wa 3.0, na chuo hicho kina vituo Unguja na Pemba. Ni mwaka mmoja zaidi. Bora ujue sasa.

29 Februari: Transkripti peke yake haikutosha

Jalada la kwanza lilipelekwa likiwa na transkripti, vyeti vya sekondari na barua ya maombi. Likarudi siku ya nne na sentensi moja: "Ambatisha maelezo ya kozi."

Transkripti inasema jina la kozi, krediti zake na alama. Haisemi kilichofundishwa. "Kanuni za Uhasibu I" katika chuo kimoja huishia kwenye urari, kwengine hufika hesabu za ubia. Mkuu wa idara hawezi kutia saini kwa jina tu, na asiyetaka kuhatarisha saini yake atakataa. Ana haki.

Kinachotakiwa ni muhtasari wa kila kozi, ambao wanafunzi wengi huuita kozi autilaini, wenye mambo haya: namba na jina la kozi, krediti, mgawanyo wa saa, malengo ya kujifunza, mada kwa wiki, vitabu vya rejea, na namna ya kupima, yaani mazoezi asilimia ngapi na mtihani asilimia ngapi. Kila ukurasa uwe na muhuri wa idara. Muhuri wa ukurasa wa kwanza tu ulitukatalia kozi mbili, maana hakuna anayejua kama kurasa zilizofuata zilibadilishwa.

Barua ya kuomba mihtasari iliyofanya kazi ilikuwa fupi. Kichwa: "YAH: MAOMBI YA MIHTASARI YA KOZI ILIYOTHIBITISHWA". Kisha namba ya usajili, programu, mwaka wa masomo, orodha ya kozi pamoja na namba zake, na ombi kwamba kila ukurasa ugongwe muhuri. Ilielekezwa kwa Msajili kupitia kwa Mkuu wa Idara. Barua ya kwanza, iliyoeleza kwa kurasa mbili sababu za kifamilia za kuhama, haikujibiwa. Kwa chuo cha Uganda iliandikwa kwa Kiingereza.

21 Machi: Mwaka wa muhtasari

Mihtasari kumi ya jalada la kwanza imefika. Tukafurahi mapema. Mitatu ilikuwa ya mtaala mpya, uliofanyiwa marekebisho baada ya mwanafunzi kuzifaulu kozi hizo. Namba zilikuwa zile zile, lakini mada mbili zimeondolewa na nyengine zimeingia. Ukipeleka huo unadai umefundishwa usichofundishwa, na mpokeaji akigundua atalitilia shaka jalada zima.

Suluhisho: katika barua andika "kama ilivyofundishwa mwaka wa masomo fulani". Mihtasari miwili ya zamani ilipatikana idarani. Ule wa kozi ya kompyuta haukupatikana mapema, tukaamua kutuma mpya pamoja na barua ya idara inayoeleza tofauti. Uamuzi huo ulitugharimu, kama inavyoonekana Septemba.

Ushauri wetu kwa yeyote aliye chuoni leo, hata asiye na nia ya kuhama: kila muhula unapoanza, mwalimu anapogawa muhtasari, weka nakala na uipeleke idarani ipigwe muhuri. Ni kurasa tano au sita kwa kozi. Kuitafuta baada ya miaka miwili ni kazi ya kwenda na kurudi baharini.

Ramadhani imeingia na ofisi nyingi zinafunga mapema. Kazi za mikono tumeziahirisha hadi baada ya Idi.

30 Aprili: Jedwali la ulinganisho

Huu ndio moyo wa jalada. Ni karatasi moja inayomwezesha mkuu wa idara kuona kozi zenu na zao ubavu kwa ubavu.

Toleo la kwanza lilikuwa na safu tatu tu: kozi ya kule, kozi ya hapa, krediti. Lilirudishwa na alama za kuuliza. Toleo lililokubaliwa lina safu saba: namba na jina la kozi ya kule, krediti zake, alama iliyopatikana, namba na jina la kozi ya hapa, krediti zake, mada zinazolingana (kwa namba za wiki), na mada zinazokosekana. Safu ya mwisho ndiyo watu wengi huiogopa na kuiacha tupu. Ijazeni. Mwalimu anayesoma atazigundua tu, na akizikuta mmeziandika wenyewe hubaki na swali moja tu: je, upungufu huu unazibika?

Kozi za jalada la kwanza zilikuwa kumi, krediti 12 kila moja, jumla 120. Moja ina D. Kwa chuo kilichotoa, D haikuwa ufaulu kamili, ilikuwa ya kufanyiwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Tumeiondoa kabisa katika maombi. Zimebaki kozi tisa, krediti 108. Kupeleka kozi usiyoifaulu vizuri ukitegemea haitaonekana kunazipunguzia nguvu zile nzuri.

Mahali pagumu palikuwa Sheria ya Biashara. Muhtasari wa bara unafundisha usajili wa kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa bara. Hapa usajili uko kwa BPRA, wakala wa Zanzibar, chini ya sheria za Zanzibar. Sheria ya ardhi nayo ni tofauti, na upande wa kodi kuna mamlaka ya mapato ya Zanzibar (ZRA) pamoja na ile ya Tanzania (TRA). Tuliandika mada hizo zote katika safu ya zinazokosekana. Yeyote anayehama na kozi za sheria, kodi, ardhi au utawala wa umma kati ya bara na Zanzibar, kwa upande wowote, ajiandae kwa hili: saa zinalingana, sheria zinazofundishwa hazilingani.

16 Mei: Uganda na saa za darasani

Jalada la pili lilitupa tabu ya hesabu, na hapa tulikosea mara mbili.

Uganda hutumia uniti za krediti, na uniti 1 ni saa 15 za kukutana na mwalimu. Kozi ya kemia ina uniti 4. Hesabu ya kwanza: 4 mara 15 ni saa 60, gawa kwa 10, krediti 6. Kozi inayolingana nayo hapa ina krediti 12. Jedwali likaonesha nusu, na mwalimu akasema haifai.

Kosa la kwanza: kule saa mbili za maabara huhesabiwa kuwa saa moja ya kukutana. Muhtasari ulipofunguliwa vizuri ulionesha mihadhara saa 45 na maabara saa 30. Hizo 30 zimehesabiwa 15, ndipo ikapatikana 60. Saa halisi ndani ya chumba ni 75.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Krediti yetu inahesabu pia saa za nje ya darasa, uniti ya Uganda haizionyeshi. Tuliomba idara ya kule itoe mgawanyo kamili, nayo ikatoa: mihadhara 45, maabara 30, ripoti na mazoezi 20, kusoma mwenyewe 22, majaribio na mtihani 3. Jumla saa 120. Krediti 12, sawasawa na ya hapa.

Njia ya kuhakiki: mwaka wote wa kwanza wa programu ile ulikuwa na uniti 40, na mwaka wa hapa ni krediti 120. Kwa hivyo uniti 1 ni krediti 3, na uniti 4 ni 12. Njia mbili zimefika mahali pamoja. Zikitofautiana sana, tafuta kosa kabla mwenye kukagua hajalitafuta.

Saa za kusoma mwenyewe lazima ziandikwe na idara iliyofundisha, kwa barua yenye muhuri. Kuzijaza wewe, hata kama unakumbuka ulikesha, ni kughushi.

5 Juni: Vipimo vya nchi nyengine, na mtego wa GPA

Ndugu kadhaa wameomba hesabu ya nchi wanakosoma Wazanzibari wengi.

Uingereza: krediti 1 ni saa 10, mwaka ni 120. Moja kwa moja. Malaysia: krediti 1 ni saa 40 za kujifunza, kwa hivyo ni krediti 4 za hapa. Uturuki hutumia mfumo wa Ulaya, wao huita AKTS: mwaka ni 60, kila moja ni saa 25 hadi 30. Hapa angalieni. Ukizidisha saa utapata mwaka wa saa 1,500 mpaka 1,800, yaani krediti 150 hadi 180, na hakuna chuo cha hapa kitakachokupa hizo kwa mwaka mmoja. Tumia uwiano wa mwaka, 120 kwa 60, krediti 2 kwa kila AKTS. Marekani mwaka wa kawaida ni krediti 30 za muhula, uwiano ni 4.

GPA, yaani wastani wa alama, ni habari nyengine kabisa. Tulijaribu kubadilisha 3.0 ya kipimo cha 4 kwa kuzidisha 5 na kugawa 4, ikaja 3.75. Hesabu hiyo inadanganya. Katika kipimo cha 4, A ni 4, B ni 3, C ni 2. Katika kipimo chetu cha 5, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Mwanafunzi wa wastani wa B ni 3.0 kule na 3.0 hapa. Kumpa 3.75 ni kumpandisha hadi karibu na B+. Tumefuta safu yote ya GPA katika jedwali. Inawekwa transkripti kama ilivyo, pamoja na ukurasa wa ufunguo wa alama kutoka chuo kilichotoa, kwa sababu 45 ni ufaulu sehemu moja na ni kufeli sehemu nyengine.

Swali la kuuliza kwa maandishi kabla ya kuhama: je, kozi zilizohamishwa zitaingia katika GPA ya mwisho, au zitaandikwa kama zimehesabiwa bila alama? Mwenye A nyingi za mwaka wa kwanza anaweza kuziacha nyuma zote, na daraja lake likaamuliwa na kozi zilizobaki.

26 Juni: Mkopo

Mkopo umefungamana na chuo na programu zilizoandikwa katika mkataba, uwe wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) au wa bodi ya Zanzibar. Krediti zikihama mkopo haufuati wenyewe. Afisa mikopo wa chuo cha zamani lazima ajue umeondoka, wa chuo kipya ajue umefika, na bodi ipewe barua ya kuachiwa pamoja na barua ya kupokelewa. Ukichelewesha taarifa ya upande wa zamani, fedha za muhula zinaweza kuelekezwa chuo ambacho haupo tena. Kuzirejesha kunaweza kuchukua miezi.

Uliza pia, na upate jibu la maandishi, nani atalipa endapo krediti zisizohesabiwa zitaongeza muhula au mwaka. Familia nyingi hugundua swali hili wakati ada ishadaiwa.

24 Julai: Kuwasilisha

Dirisha la udahili limefunguliwa. Jalada la kwanza na la pili yamekabidhiwa kwa mkono na nakala ya barua imegongwa "imepokelewa". Mpangilio: barua ya maombi, jedwali, transkripti na ufunguo wa alama, mihtasari kwa mfuatano wa jedwali, vyeti vya sekondari, cheti cha kuzaliwa, barua ya tabia njema, barua ya kutodaiwa ada. Kurasa zote zimepewa namba, na jedwali linataja ukurasa wa kila muhtasari. Kitu kidogo hiki kilisifiwa na aliyepokea.

Barua ya kuachiwa haikuombwa bado, kwa makusudi. Usijitoe chuo cha zamani mpaka barua ya idadi ya krediti iko mkononi. Barua ya kupokelewa peke yake haitoshi: inasema una nafasi, haisemi umebakiza nini.

10 Septemba: Majibu

Jalada la kwanza: krediti 80 kati ya 108. Kozi tano za hisabati, uhasibu na uchumi zimehesabiwa zote, 60. Taaluma za Maendeleo imehesabiwa 12, lakini kama kozi ya hiari. Stadi za Mawasiliano imehesabiwa 8 badala ya 12, kwa kuwa ya hapa ni ya krediti 8. Zile 4 za juu haziendi popote, wala hazijumlishwi na kozi nyengine. Zilizokataliwa ni Sheria ya Biashara, kwa sababu zilizotajwa Aprili, na Kompyuta, kwa kuwa muhtasari ni wa mtaala ambao mwanafunzi hakuusoma.

Jalada la pili: kozi zote za sayansi zimepita. Mazoezi ya kufundisha hayakupita. Yalifanyika katika skuli za Uganda kwa mtaala wa kule, na idara inataka yarudiwe hapa. Hatukukata rufaa.

3 Oktoba: Rufaa ya kozi moja

Rufaa iliandikwa kwa Kompyuta tu. Muhtasari wa zamani ulipatikana hatimaye kwa mwalimu aliyeifundisha, idara ikaugonga muhuri, ukaambatishwa pamoja na karatasi ya saa za maabara. Jibu lilikuja baada ya siku 11: krediti 12 zimehesabiwa. Jumla sasa 92.

Sheria ya Biashara tuliiacha. Mada zilizokosekana ni za kweli, na mwanafunzi atakayefanya kazi Unguja anazihitaji.

29 Oktoba: Krediti 92, lakini mwaka gani?

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa hivyo tunaiandika wazi. Mwaka wa kwanza wa hapa ni krediti 120. Zimehesabiwa 92, zimebaki 28: Sheria ya Biashara 12, na kozi mbili za lazima za krediti 8 kila moja ambazo chuo cha bara hakina. Mwanafunzi amewekwa mwaka wa pili akiwa na keri tatu, yaani kozi za mwaka wa kwanza anazozibeba mbele.

Muhula wa kwanza una krediti 60 zake, ukiongeza sheria unafika 72, na 72 ndiyo kikomo cha chuo hicho kwa muhula. Muhula wa pili una 60, ukiongeza 16 unafika 76, umezidi. Kozi moja ya 8 imesukumwa mwaka wa tatu. Kisha ratiba: kipindi cha sheria cha mwaka wa kwanza kiligongana na uhasibu wa mwaka wa pili. Kimetatuliwa kwa kuhudhuria mkondo wa jioni, na ruhusa imeandikwa.

Kabla ya kukubali mwaka utakaowekwa, chora kozi tangulizi kwa mishale. Kozi iliyokataliwa ikiwa ni mlango wa kozi tatu za mbele, krediti 12 ulizopoteza zinakuwa mwaka mzima. Sheria ya Biashara ilifungia kozi moja tu, ya mwaka wa tatu. Ingekuwa Kanuni za Uhasibu I ndiyo iliyokataliwa, tungeshauri kuanza upya mwaka wa kwanza bila keri, au kutohama.

20 Novemba: Gharama, na jalada la tatu

Gharama za jalada la kwanza hadi leo: nakala za kurasa 214, mara tatu, kwa Sh 100, ni Sh 64,200. Safari moja ya boti kwenda na kurudi Dar es Salaam na daladala zake, Sh 78,000. Kuthibitisha nakala za vyeti kwa wakili, Sh 30,000. Kutuma vifurushi, Sh 24,000. Jumla Sh 196,200, bila ada za maombi za chuo. Seti moja ya nakala, Sh 21,400, ilipotea bure kwa sababu ya kutuma jalada bila mihtasari na kuchapisha upya. Kwa jalada linaloanzia Pemba ongeza nauli ya kufika Unguja, au ulizia kama idara inapokea skani kwanza na karatasi halisi siku ya usajili. Idara mbili kati ya tatu tulizoziuliza zilikubali.

Jalada la tatu: barua ya NECTA imepatikana. Transkripti haikupatikana, ofisi za chuo kule hazijibu. Zilizopo ni karatasi za matokeo za mihula minne zenye muhuri, stakabadhi za ada na kitambulisho. Tafsiri ya kwanza kutoka Kiarabu ilifanywa na mtu ajuaye lugha vizuri lakini asiye na muhuri, ikakataliwa. Imefanywa tena na mfasiri anayetambulika. Hati ya kiapo imeambatishwa kueleza kwa nini transkripti haipo, na idara imesema itaisoma kama nyongeza, haitaitumia badala ya matokeo. Mihtasari ipo ya kozi sita kati ya ishirini na mbili, yote ni nakala alizojiwekea mwanafunzi tangu darasani. Idara imekubali kuanza na hizo sita, na imetaja Januari kuwa mwezi wa mahojiano ya mdomo kwa kozi nne za sarufi. Orodha ya mada za mahojiano inasubiriwa.